Aliyenifundisha This na She

Habari ya kifo cha Mwalimu Jemima ilinifikia nikiwa nimesimama ndani ya treni, kituo kimoja kabla ya Al Mansoura, mkono mmoja umeshika nguzo na mwingine umeshika simu. Binti yake aliandika kwa ufupi: Mama ametutoka jana asubuhi, ni saratani, tunamzika Jumamosi, namba yako nimeipata kwenye simu yake. Nilipitiliza kituo changu. Nikashuka mbele, nikavuka upande wa pili, nikapanda treni ya kurudi, nikapitiliza tena. Mwanamke wa Kifilipino aliyeketi karibu nami alinipa karatasi laini, na ndipo nilipojua kwamba nalia. Nilipofika nyumbani nilimjibu yule binti maneno ambayo kila mtu huandika, poleni sana, Mungu awatie nguvu. Yalikuwa maneno ya kweli. Ila hayakuwa ukweli wote, na mimi kusema kweli nusu si jambo la jana wala la leo.

Sitaeleza nilikotoka wala kilichonileta Doha. Waliokuja wanajua, na wasiokuja wamesikia. Nitaeleza mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeishia kidato cha pili, na nilikuwa mlinzi kwenye geti la akina mama katika shule moja huko Abu Hamour. Mwalimu Jemima alikuwa mlinzi mwenzangu kwenye geti hilohilo. Alinizidi miaka kumi na minne. Kwao, upande wa Kakamega, alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka tisa, na jina la Mwalimu lilimfuata mpaka huku, hata wale Wanepali wa geti kubwa walimwita Mwalimu wakidhani ndilo jina alilobatizwa.

Tuliishi Al Mansoura, ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi nguo na mkahawa mdogo wa chai ya maziwa. Chumba kilikuwa na vitanda vinne na wanawake watatu. Kitanda cha nne kilikuwa cha masanduku. Mimi nililala kitanda cha chini, Mwalimu kile cha juu yangu, na mkabala wetu alilala Aisha, Mganda wa Masaka, mlinzi wa hospitali, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba tulijua jirani amekaanga nini. Jiko lilikuwa la ghorofa nzima, na kila sufuria iliandikwa jina kwa rangi ya kucha. Ijumaa ndiyo siku tuliyopika kweli. Mwalimu aligundua kwamba zile mboga za majani ambazo Wamisri huziita mulukhiya ni mlenda wetu mtupu, ule ambao kwao wanauita murere, na siku aliyorudi sokoni na fungu la kwanza alicheka peke yake ngazi zote tatu. Alizichambua kitandani juu ya gazeti, akazipika kwa magadi aliyoletewa na mtu kutoka nyumbani, tukala na ugali tukiwa tumekaa sakafuni, miguu tumenyoosha chini ya vitanda. Nimekula katika hoteli nzuri tangu hapo, kazi yangu ya sasa ya mapokezi ina sherehe zake, lakini mlo ninaouota ni ule.

Masomo ya Kiingereza yalianza kwa sababu ya aibu. Wiki yangu ya kwanza getini alikuja mama mmoja, amevaa miwani mikubwa, akataka kwenda ofisini. Nikachukua redio ya mkononi, nikamwonyesha kwa mkono wazi, kwa heshima kabisa kama nilivyolelewa, nikasema, "This wants office." Yule mama akavua miwani. Akaniuliza kama yeye ni kiti. Sikuelewa kosa langu liko wapi. Kwetu huyu ni huyu. Unamleta mtu mbele za watu, unasema huyu ni mama fulani, huyu anataka ofisi, na hakuna anayeona amedharauliwa. Nilibaki nimeshika redio, na Mwalimu ndiye aliyemchukua yule mama kwa maneno laini mpaka ofisini.

Jioni hiyo alinikalisha kwenye kitanda cha masanduku. "Sikiliza, mdogo wangu," akaniambia. "Mtu unamleta kwa this mara moja tu. This is Mrs. Fulani. Hapo umemfungulia mlango. Akishaingia, mpe kiti: she. She wants the office. Ukirudia this, umemwacha nje na jua linawaka."

"Na kwenye simu?" nikauliza. "Mbona yule mama wa mapokezi anasema this is mimi? Anajiita kitu?"

"Kwenye simu hawakuoni. Wewe mwenyewe ndiye mgeni, lazima ujilete. This is Dama. Ukisema I am Dama si dhambi, ila watajua umeshuka jana."

Aisha alikuwa anapaka mguu mafuta. "Banange! Na mimi huyu Dama akinipikia chai, niseme this ama that ama nini?"

"Chai iko mdomoni mwako, useme it. It is good."

"Na kama si nzuri?"

"Basi nyamaza, nyabo, umepikiwa."

Akanifundisha na that. Mtu akikuletea habari, amepata mtoto, amepata kazi, usimjibu it is good kama unayesifu mchuzi. Sema that is good, ile habari unaionyesha pale alipoiweka. Kwa miezi mitatu tuliishi hivyo. Aisha aliligeuza somo kuwa mzaha wa nyumba, alikuwa akijionyesha kifuani kwa kidole na kusema, "This wants sugar," nasi tukimjibu kwa pamoja, "She can go to the shop." Nilikuwa najifunza bila kujua kwamba najifunza. Mpaka leo mtu akinipigia simu kazini na nikasema this is Dama, nasikia sauti ya Mwalimu nyuma ya meno yangu.

Kitu kimoja tu tulitofautiana, nacho ni kitabu cha matukio. Kila geti lilikuwa na kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na kila lililotokea liliandikwa humo kwa Kiingereza. Mkufunzi wa kampuni alitufundisha kwamba humo hakuna mimi wala yeye. Unaandika this guard ukijitaja wewe, na that guard ukimtaja mwenzako. Mwalimu hakukubali. Aliandika I opened, I saw, I told her, na msimamizi wetu, Gurung, Mnepali mpole mwenye kikohozi, alikuwa akipitia kila jioni na kalamu nyekundu akiyakata. Kesho yake anaandika vilevile. "Kitabu hiki kinaogopa watu," aliniambia. "Geti limefunguliwa na nani? Na mlinzi huyu! Mlinzi huyu ni nani, si mimi Jemima?" Mimi niliupenda mtindo ule wa kitabu. Nakiri. Nikiandika this guard nilijiona nimesimama nyuma ya pazia, ninaona na sionekani.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa na jambo kubwa mbele yake. Mkuu wa chekechea, mama wa Kijordani, alikuwa amemtazama muda mrefu jinsi anavyowafunga watoto viatu na kuwasomea maandishi ya kwenye mabegi yao. Siku moja akamwita, akamuuliza amesoma nini, akamwomba asome hadithi mbele ya darasa. Mwezi wa nne akampa jibu: baada ya likizo ndefu angeingia darasani kama msaidizi wa mwalimu, na shule ingezungumza na kampuni yetu imwachie. Barua ilikuwa njiani. Alirudi chumbani akakaa na viatu vyake miguuni, akasema, "Nimetoka getini." Alituambia hivyo mara tatu, nne. Tangu siku hiyo alianza kuwauliza watoto majina yao wakipita, ayajue yote kabla ya Septemba.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa. Sheria ilisema kati ya walinzi wawili asiondoke getini hata mmoja bila mtu wa kushika nafasi. Lakini hakukuwa na mtu wa kushika nafasi. Kwa hiyo walinzi wote wa kike niliowajua Doha walikuwa na utaratibu wao, tuliuita kushikiana: wewe nenda chooni, nakushikia, wewe kampigie mtoto wako, nakushikia, halafu kesho unanishikia mimi. Hakuna aliyeandika hayo kitabuni. Gurung alijua, akatazama pembeni.

Ilikuwa mwezi wa tano, joto limeshaanza kuuma, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kibanda nikingoja chekechea watoke. Nikahisi. Nilikuwa nimeingia mwezini kabla ya siku zangu, na suruali ya sare yetu ilikuwa ya kijivu hafifu. Niligeuka kidogo nikaona doa limefika kwenye kitambaa cha kiti. Nikamnong'oneza Mwalimu.

"Usisimame," akasema. "Una pedi?"

"Sina. Mwalimu, kaninunulie dukani. Tafadhali. Nitakufa hapa."

Akatazama saa. Watoto wangetoka baada ya dakika kumi. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. "Dama, chekechea wanatoka."

"Nakushikia. Nenda, Mwalimu, nakuomba."

Akaenda. Alikimbia, namkumbuka akivuka ameshika kofia.

Walitoka mapema siku ile. Kila mtoto huwa na kadi shingoni yenye namba, na mama au dereva ana kadi yenye namba hiyohiyo, na kazi ya mlinzi ni kusimama mlangoni, kuzishika kadi zote mbili na kuzilinganisha. Sikusimama. Nilibana mapaja nikabaki kwenye kiti, nikawa nawapungia kupitia dirishani, na wale mama waliozoea wakanionyesha kadi kwa mbali. Alipita mwanamke mmoja wa abaya anazungumza kwenye simu, na nyuma yake hatua mbili akamfuata kasichana ka miaka minne, begi la waridi limemfika magotini. Nikadhani ni wake. Nikainua mkono, pita.

Hakuwa wake. Baada ya dakika kumi, labda kumi na mbili, alirudishwa amebebwa na dereva mmoja wa Kipakistani aliyemkuta kati ya magari, ameishika plati ya namba ya gari jeupe kama la baba yake huku analia, uso umeiva kama nyanya. Mama yake alifika wakati huohuo. Sitaandika alivyopiga kelele. Muuguzi wa shule alimpa mtoto maji, akamlaza kwenye baridi, akasema hana neno, na kweli hakuwa na neno. Na katikati ya hayo yote Mwalimu akaingia getini, anahema, mkononi ana mfuko mweusi wa plastiki, ule ambao wenye maduka huku hufungia vitu vya kike visionekane.

Gurung alifika na kitabu. Akakiweka mbele yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. "Write," akasema. Niliandika. Mwenyewe nilishangaa jinsi Kiingereza kilivyonijia safi. Niliandika kwamba saa sita na dakika ishirini that guard aliondoka getini kwenda dukani. Niliandika kwamba this guard alibaki peke yake na umati ulikuwa mkubwa. Hapakuwa na uongo hata mmoja pale. Sikuandika kwamba nilimtuma. Sikuandika kwamba sikusimama. Gurung alisoma, akamtazama Mwalimu.

"Ulikwenda dukani?"

"Nilikwenda."

"Kununua nini?"

Mwalimu alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayejua jibu na anaona haya kunyoosha mkono. Alinipa muda. Mimi nilitazama kitabu. Kibanda kilikuwa kimejaa wanaume: Gurung, yule dereva, mlinzi wa geti kubwa, mtu wa usalama wa shule. Kiti kilikuwa chini yangu.

"Vitu vyangu," Mwalimu akasema, akauficha mfuko nyuma ya mgongo.

Walipotoka akanipa ule mfuko. Akavua koti lake la sare akanifunga kiunoni, akaniongoza chooni, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Kisha akarudi, akakifuta kiti.

Hawakumrudisha getini kesho yake. Aliambiwa akae chumbani angoje. Shule ilituma neno kwamba kuhusu nafasi ya darasani hawataendelea. Siku ya tatu kampuni ilimwambia amekatiwa tiketi. Kwa siku hizo tatu tulilala, tukaamka, tukala pamoja, na mimi nilikuwa na maneno mdomoni kila saa. Asubuhi nilipanda basi la kampuni nikiwa nimeamua leo nitasema, jioni nikashuka sijasema. Nilijiambia kwamba kwanza wataniuliza. Nilijiambia kwamba mtoto yuko salama, watapoa. Nilijiambia mambo mengi, na nyuma ya yote lilikuwepo jambo moja tu, kwamba sikutaka kurudi nyumbani.

Ijumaa ya mwisho tulikuwa jikoni, Aisha anasukuma chapati, mimi nakaanga, Mwalimu anafunga sanduku lake pale mlangoni. Aisha akagonga mti wa kusukumia mezani.

"Hapana, mimi jambo hili silielewi. Jemima mwenye akili zake, anayekata simu ya mumewe ili asichelewe basi, huyo ndiye aende dukani chekechea wakitoka? Kuna mtu alikutuma. Nani alikutuma?"

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Nikageuza chapati iliyokuwa haijaiva.

"Nilijituma," Mwalimu akasema.

"Unadanganya."

"Aisha, acha. Nilijituma. Na hiyo chapati inaungua."

Aisha alinitazama mimi, akaitazama chapati, akarudi kwenye unga wake. Hakunitania tena mpaka alipohama chumba mwezi wa tisa. Mwalimu aliondoka Jumapili nikiwa kazini. Aliniachia magadi yake yaliyobaki kwenye chupa, na kitabu chake cha hadithi za watoto.

Baadaye alirudi kufundisha shule ya kijiji. Alinipigia Krismasi, akanipigia nilipoolewa, akanipigia nilipopata kazi ya mapokezi, na nilipomwambia habari hiyo alisema, "That is good, Dama. That is very good." Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tuligusa jambo lile, na ni yeye aliyeligusa. Akaniambia nisijisumbue, mambo yalikwenda mbio siku zile, nilikuwa msichana, sikupata nafasi ya kusema. Nikamwambia asante. Niliacha aamini hivyo, na amekufa akiamini hivyo.

Nafasi nilipata. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka sikuweza tena kula, na asubuhi moja nikaenda ofisini kwa Gurung, kile chumba kidogo nyuma ya jenereta. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima ndani ya basi. Nikamwambia kwa Kiingereza chake Mwalimu, I sent her. She went for me. Nikamweleza damu, kiti, na kwamba sikusimama. Hakukasirika. Alikohoa muda mrefu, akasema na yeye ana dada. Kisha akakivuta kile kitabu, akafungua ukurasa wa siku ile, akaugeuza unielekee.

"Hapa chini pana nafasi," akasema. "Andika ulivyoniambia, weka sahihi. Nitaupeleka juu leo. Mkuu wa chekechea bado anamtaka yule mama, aliniuliza jana. Wanaweza kumrudisha. Siahidi." Akaweka kalamu juu ya karatasi. "Wewe utaondoka. Hilo naahidi."

Niliishika kalamu. Nilikaa nayo kiasi cha kusikia jenereta ikizima na kuwaka tena. Pale chini palikuwa na nusu ukurasa mtupu, mistari ya buluu, na mimi nilihitaji mstari mmoja.

"No, sir," nikasema.

Akaniuliza kama nimefikiri. Nikasema nimefikiri. Akafunga kitabu, akaniambia nisije tena ofisini kwake na maneno hayo, nikatoka nikaenda getini kwa sababu chekechea walikuwa karibu kutoka. Akina mama walikuwa wameshajipanga. Nilisimama mlangoni nikazishika kadi zote, moja baada ya nyingine, mpaka mtoto wa mwisho akachukuliwa.